Bwawa Pale Ilipokaa Pikapu

Ilipokaa pikapu miaka kumi na mitatu
palibaki doa la oili, jeusi, umbo la figo.
Pikapu ilikwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa kilo.
Doa halikwenda.

Nikachukua kamba ya kuanikia, nikalizungushia doa lilelile,
nikamwambia Kundaeli fundi: chimba hapa, usinyooshe kona.
Akacheka. "Mama, watu huchimba choo,
huchimba kisima, huchimba msingi.
Hili lako linaitwaje?"
Bwawa.
"La samaki wa kuuza?"
La kutazama.
Akaegemea sururu, akanipa muda wa kubadili mawazo.

Mume wangu, kutoka barazani, bila kushusha gazeti:
"Mafao ya miaka thelathini na mmoja,
hayo hapo, yanaingia shimoni."

Sikumjibu. Mimi ni wa Uru,
nimezaliwa mfongo unapopita nyuma ya jiko;
ukikosa usingizi unausikia ukipiga soga na mawe.
Zamu yetu Jumanne na Ijumaa:
baba alizibua kwa jembe, tope na kipande cha mgomba,
maji yakaingia kihambani yakinusanusa kama mbwa mgeni.
Nikashuka Pasua, nikapewa bomba.
Bomba ni jema, silitukani.
Ila ukilifunga, linanyamaza kabisa.

Siku ya kwanza tulijaza. Ya pili
maji yalikuwa magotini. Ya tatu, vifundoni.
Bili ikaja, nikaificha kwenye kopo la majani ya chai.
Kundaeli akarudi na nailoni nzito
na kimya cha mtu aliyeambiwa asizidishe mchanga, akazidisha.

Kisha nikapanga. Mawe meusi ya mto Karanga,
si ya duara sana; ya duara yanajifanya.
Magimbi ya majani mapana
(yaleyale tuliyokulia, leo yanaitwa mapambo),
yungiyungi wawili ndani ya beseni lililopasuka,
masale ukingoni.
Jiwe moja nililihamisha mara sita.
Mara ya saba alikuja mwenyewe, mwenye gazeti,
akaligeuza kidogo tu, ubavu wa kijani ukatazama maji,
akarudi kitini, akatafuta mstari alipoachia.

Masika yakaja. Gata niliyoielekeza bwawani
ikaleta zaidi ya nilichoomba.
Usiku maji yakavuka ukingo, yakapenya chini ya senyenge,
yakalowesha magunia mawili ya mahindi ya Mama Digna.
Asubuhi hakunisalimu. Alizungumza na kuku wake, kwa sauti,
habari za watu wanaofuga mbu kwa pensheni.

Mbu sina. Nina perege kumi na mmoja,
viluwiluwi havimalizi hata siku.
Lakini mahindi ni mahindi.
Nikakata jani la isale, nikalipiga fundo kama mama alivyopiga,
nikaingia kwake kwa geti la mbele,
nyuma yangu kijana na toroli, madebe manne.
Akalitazama jani muda mrefu. Yeye ni wa Rombo,
hakuna cha kufasiri.
"Bwawa lako," akasema, "lina kelele usiku."
Nikaanza kuomba radhi upya.
"Sikiliza kwanza. Yule chura wako
jana alichelewa kuanza. Mgonjwa?"

Chura sikununua. Hakuna aliyemleta.

Juzi, umeme umekatika,
nikamkuta mume wangu kakalia ndoo iliyopinduliwa,
miguu karibu na maji, gazeti limekunjwa kwapani.
"Kundaeli alipita," akasema. "Kuna tajiri wa Shanty Town
anataka la namna hii, anauliza
lilitugharimu kiasi gani."
Ukamwambia nini?
"Shh," akasema. "Anaanza."