Pazia la Kushoto

Wahenga walisema macho hayana pazia.
Hawakumwona Mize.
Lake la kushoto lilishuka siku aliyozaliwa
likagoma katikati ya dirisha,
naye akajifunza, kabla hajajua kusema,
kuinua kidevu na kuchungulia kwa chini,
hata jirani yetu Bi Oksana wa ghorofa ya pili
akanitania: binti yako ana maringo ya malkia.
Nikacheka.
Malkia gani hujikwaa kila ngazi?

Leo siku ya nne tangu upasuaji.
Saskatoon, Februari.
Nje nyuzi thelathini chini ya sifuri,
ndani uzi mmoja chini ya ngozi ya mwanangu,
umepitishwa kutoka kope hadi kwenye nyusi.
Daktari Hrynchuk alinichorea
kwenye karatasi ya kufutia mikono:
hapa paji la uso, hapa kamba, hapa pazia.
Akitaka kuona atainua nyusi.
Akilala, jicho halitafumba lote.
Usiogope, alisema.

Nimeogopa.

Uvimbe ulikuja wa zambarau, ukawa kijani,
sasa ni manjano ya ndizi iliyosahauliwa kapuni.
Mikono tumemvika soksi asijikune.
Kipasha joto kinanguruma, kinakausha hewa
mpaka midomo yetu inapasuka,
nami nawaza habari ya hilo jicho,
usiku kucha likikaushwa pamoja nasi.

Usiku wa kwanza niliinama juu yake:
Mize, umeamka?
Akakoroma.
Kati ya kope na kope, mstari mweupe,
kama mwanga chini ya mlango
wa chumba ambacho mwenyewe keshalala.
Saa sita usiku, saa tisa, alfajiri,
nabana tyubu ya marhamu:
kiasi cha punje ya mchele, walisema hospitali,
na hapo nikatabasamu peke yangu gizani.
Kumbe hata huku kipimo ni mchele.

Ghala la dengu wamenipa siku tano bila malipo.
Mama yake analala zamu yake, mimi nakesha yangu;
tunapishana jikoni kama walinzi wa lango moja,
tukiulizana kwa macho tu.

Bibi yake anapiga simu kutoka Wete.
Limenyooka?
Bado limevimba, mama.
Kimya.
Basi usinitumie picha.
Dakika mbili baadaye: hebu nitumie.

Wiki ya sita, daktari anapima kwa rula ndogo
isiyozidi kidole changu.
Limepanda milimita nne.
Bado liko chini ya mwenzake kwa moja.
Moja, nikarudia, kama mtu anayedaiwa.
Huenda likashuka tena miaka ijayo, akasema,
huenda tukarudi mezani akikua.
Kisha akatoa boksi la plasta zenye vipepeo:
jicho zima ndilo lifungwe, saa mbili kila siku,
ili hili lililozoea kivulini
lijifunze kazi.
Mize alilia njia nzima, basini, hadi nyumbani:
Baba, umenizimia taa.

Sikuwa na jibu. Sina hadi leo.

Watu wananiuliza, kapona?
Nasema, Alhamdulillahi, maana ndilo neno refu
kuliko maelezo yangu.
Kwenye picha ukitazama sana utaona tofauti.
Mimi natazama sana.
Na akichoka jioni, nyusi hupanda juu kabisa
akawa na sura ya mtu aliyeletewa habari
ambayo bado hajaamua kama ni njema.

Lakini jana tulikuwa tunashuka ngazi
kwenda kutupa taka, mkono wake mkononi mwangu,
nami nikihesabu kwa sauti kama kawaida yetu,
moja, mbili, tatu,
mara akasimama, akateremsha kidevu.
Nilidhani ameangusha kitu.
Akainama zaidi, plasta ya vipepeo usoni,
jicho la kushoto peke yake kazini.

Baba, akasema,
viatu vyangu vina maua.

Nilivinunua mwezi wa Oktoba.