Mita Mbili na Nusu

Kabla sijatoka nyumbani napima.
Lenzi naifunga kwenye mita mbili na nusu,
upenyo nane, kasi moja juu ya mia mbili hamsini,
na jina jeupe la kamera naliziba kwa utepe mweusi
lisije likamkonyeza mtu.
Kisha jicho liko huru; kazi yake ni kutembea.

Mita mbili na nusu ni hatua zangu tatu na kisigino.
Nimezipima ukumbini hadi paka akanichoka.
Sasa hata kwenye foleni ya dawa najua
nani yumo, na nani ni ukungu.

Sololaki, Februari. Jua la Tbilisi mwezi huo ni bahili:
linatoa kipande kimoja cha ukuta,
saa nne na robo hadi saa tano kasorobo, basi.
Kipande hicho huangukia mlango wa Gocha mwokaji,
pale mvuke wa tanuri unapopanda ngazi kutoka chini ya barabara.

Siwindi. Anayewinda hufukuza.
Mimi huegemea ukuta wa pili, nakuna sikio,
natazama dirisha la ghorofa ya juu kana kwamba nadai kodi;
watu hutazama nitazamako, mimi hawanioni.
Siku kumi na moja nilisubiri hivyo.
Nilipata mbwa.
Nilipata watawa wawili na mwavuli uliopinduliwa na upepo.
Nilipata kidole changu mwenyewe.

Ya kumi na mbili akatoka mtu wa koti la kijivu,
kifungo cha juu kimekosea tundu.
Akaingia kwenye mwanga, akasimama,
akapanua kinywa kuelekea mbinguni, macho kayafumba.
Kidole kilijua kabla yangu.
Ta.

Alikuwa ameuma mkate wa moto. Ulimi uliungua, hayo tu.
Nilimsikia akisema "aah," nikacheka ndani ya kola,
nikasogeza filamu, nikaenda zangu.

Mkate haumo pichani.
Ukingo wa fremu uliukata mkono juu ya kiwiko,
na mimi sipunguzi, siongezi:
kilichoingia kimeingia.

Walipoitundika kwenye ghala la zamani la mvinyo
watu waliisogelea na glasi zao.
Anaimba, alisema mmoja, sauti ya tatu, ile ya chini.
Anailia nchi, alisema mwingine.
Profesa mmoja aliona karne nzima katika meno yale.
Nami nilinyamaza
kama mwizi aliyesifiwa viatu.

Jioni ya mwisho akaja mwanamke na mfuko wa viazi.
Hakuvua koti.
"Huyu ni Murtaz. Baba yangu."
Nikaandaa radhi zangu; ninazo tayari, nimezizoea.
Yeye akauliza: "Alikuwa anafanya nini?"
Nikamwambia. Mkate. Moto. Ulimi.
Akakaa sakafuni, viazi vikabingirika.

"Tarehe?"
Nikafunua daftari: kumi na tisa.
Akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu.
"Mama tulimzika tarehe kumi na nne.
Siku tano hakutia kitu kinywani.
Ile ya tano alirudi nyumbani akasema, Nargiza, nimekula,
nikamwambia, baba, usinidanganye."

Akainuka. "Mkono upi?"
"Wa kulia."
Akaweka kidole kwenye chokaa ya ukuta,
nje ya fremu, chini kidogo,
mahali mkate ulipokuwa.
Akakiacha pale.

Kamera ilikuwa kifuani mwangu, imefungwa mita mbili na nusu,
na yeye alikuwa karibu kiasi cha kunishika mkono:
kwa lenzi ile, ukungu mtupu.
Sikuigusa.
Tuliinama tukaokota viazi chini ya meza, nyuma ya mapipa.
Kimoja hatukukiona.