Deni la Ndui

Saa mbili asubuhi, kituo cha afya, Mudayrib.
Nasoma joto la jokofu: nyuzi nne. Naandika.
Nje lami imeshaanza kulainika,
na akina mama wamebanana kwenye kivuli chembamba cha ukuta,
kila mmoja na kadi yake ya waridi mkobani.

Kasoro Rayya.
Mtoto kaja naye, kadi kaiacha nyumbani kusudi.
Dada yake wa Dubai kamtumia sauti kwenye simu,
dakika saba za hofu isiyo na mwenyewe.
"Maradhi yenyewe mbona siyaoni?" ananiuliza,
kwa Kiswahili chetu kile kilichokuja na wazee
kikaota mizizi hapa, kando ya falaji.

Haya, Rayya. Kaa.

Bibi yangu Shinuna hakuweka kioo chumbani.
Uso wake ulikuwa vumbi lililopigwa na matone makubwa,
mvua ikakatika, vishimo vikabaki.
Jicho la kushoto jeupe, kama yai la kuchemsha.
Sisi wajukuu tulivihesabu kwa vidole mpaka usingizi utuchukue.
Hatukufika mwisho hata siku moja.

Walikuwa watano kwa mama yao.
Ndui ilipoingia walitolewa nje ya kijiji,
kibanda cha makuti ya mtende, ng'ambo ya wadi,
maji yakiachwa juu ya jiwe
na aliyeyaleta akitimua mbio.
Alirudi mmoja.

Na huyo mmoja, miaka tisa,
ndiye aliyetumwa kuwapelekea wagonjwa tende na uji.
Watu walishajua, bila kitabu:
aliyekwisha kulipa, ndui hairudi kumdai.
Akawaosha. Waliokwenda akawafumba macho.
Msimu mzima, mtoto yule, kwa jicho lake moja.

Elimu yote ya chanjo imo humo, Rayya.
Mwili una daftari, haufuti jina la aliyewahi kuupiga.
Swali likabaki la wenye huruma:
deni hili haliwezi kulipwa kwa chenji?
Wako waliochota usaha kwa mgonjwa
wakauchanja kwenye ngozi ya mzima;
wengi walipona, na wako waliozikwa kwa jaribio hilo.
Wako wakamuaji, mbali huko kwenye baridi,
waliopata malengelenge ya ng'ombe viganjani,
ndui ikawapita kama mgeni aliyekosea nyumba.
Bibi alipohadithiwa alicheka mpaka kanga ikamdondoka:
"Kumbe ng'ombe! Na sisi tulikuwa naye,
tukaishia kumnywa maziwa!"

Mama yangu alilipa baisa moja.
Ipo begani mwake, duara, ina mikunjo pembeni,
ukiomba atakuonyesha.
Homa ya siku mbili, basi.

Mimi? Kovu hili ni la kifua kikuu.
La ndui sina. Nilipozaliwa
mdai mwenyewe alikuwa ameshakufa, dunia nzima,
hana kaburi, hakuliliwa matanga.

Ndiyo maana huyaoni.

Lakini surua haijafa. Polio haijafa.
Kifaduro kinapanda ndege,
kinashuka Maskati na mzigo wa mkononi.
Sikufichi: atalia. Usiku huenda akachemka.
Mnyonyeshe, na ukiona kitu cha kukutia shaka
namba yangu hii, hata iwe alfajiri.

Rayya hakunijibu.
Akakitazama kidole changu kilichokuwa kimeshika pamba,
kisha akafungua kifungo cha kwanza cha kidishidasha.
Akasita.
"Na kadi?"
"Nitaandika karatasini. Kesho uilete."

Muhanna alilia kilio cha baisa tano, kikali, kifupi,
akanyamaza ghafla, akanikazia macho,
yamelowa, meusi,
yote mawili.