Safu ya Tatu

Tulikuwa watano, na gari lilitutosha
kama kiatu cha mwaka jana: kwa kukunja vidole.
Kisha Februari, katika chumba chenye mwanga hafifu,
mpimaji akasogeza kile kidude tumboni mwangu,
akanyamaza, akasogeza tena, akasema: Wawili.

Mume wangu Eino hakucheka wala hakulia.
Alihesabu viti.

Dola elfu tisa na mia nne,
pamoja na zile za pikipiki ya theluji aliyomuuzia
binamu yake wa Cloquet, akageuka asiione ikiondoka.
Hizo ndizo. Mkopo hapana. Tulishakopa paa.

La kwanza lilikuwa jeusi, likimeremeta kama kiatu cha bwana harusi,
skrini mbili nyuma, kioo juu.
Muuzaji alituita "familia" kabla hajatuuliza majina.
Watoto walikwisha kuhamia: Linnea kachagua dirisha,
Pekka kavua viatu,
Otto anabonyeza kila kinachobonyezeka.
Maili themanini elfu tu, alisema, bei ya kutupa.
Nikajiuliza ni nani hutupa kitu kizima.

Wifi yangu Kaarina ni fundi. Alijilaza kwenye tope la Machi
akaingia uvunguni, tochi mdomoni.
Huku kwetu Duluth chumvi humwagwa barabarani miezi mitano
ili barafu iyeyuke. Barafu huyeyuka,
na magari nayo, polepole, kuanzia chini.
Bisibisi yake iligusa chesisi
ikazama kama kisu kwenye keki.
Alitoka, akajipangusa, hakusema neno.
Alimfunulia tu muuzaji kiganja: vumbi jekundu.

La pili lilitoa moshi wa buluu.
La tatu, giaboksi yake ilisita kabla ya gia ya pili
kama mtu aliyeulizwa umri wake.
La nne lilikuwa zuri. Liliuzwa tukiwa njiani.
Nililia kwenye maegesho ya duka la mbegu
na nikamaliza peke yangu mkate mzima wa mdalasini.

Waliosema kizuri chajiuza
hawajawahi kutafuta gari la mtumba.
Letu lilikuwa limejificha nyuma ya gereji huko Two Harbors,
rangi ya chai iliyopoa, mlango wa kushoto umebonyea,
umri wake miaka kumi na mitatu,
na mwenyewe hakuwa na hamu ya kulisifia.

Bwana Halvorsen alitupa ufunguo na daftari.
Daftari lile! Kila oili, kila chujio,
pampu ya maji, mafuta ya giaboksi
yaliyobadilishwa kabla hayajadai,
tarehe, maili, gharama hadi senti,
kwa mwandiko mwembamba uliolalia kulia
mpaka Oktoba ya mwaka juzi.
Kuanzia hapo herufi ni kubwa, zinatetemeka,
lakini hazikuruka hata zamu moja.

Kaarina akagonga chini: ngo, ngo, ngo.
Chuma kilijibu kama chuma.

Mimi nilikwenda kule wasikokwenda wanunuzi.
Nilikunja kiti cha kati, nikapanda na tumbo langu,
nikaketi safu ya tatu.
Magoti hayakugusa kidevu.
Kitundu cha hewa ya moto kipo. Pa kuwekea kikombe papo.
Na ubavuni, kwenye plastiki, mtu kachora farasi
kwa kalamu ya nta, farasi wa miguu mitano.

"Mjukuu," alisema Bwana Halvorsen kutoka nje. "Nilitaka kuifuta."
Usifute, nikasema, au nilidhani nimesema.

Elfu nane na mia saba.
Eino alianza kuomba apunguziwe,
akalitazama daftari, akafunga mdomo.
Iliyobaki ikaenda kwenye matairi.

Tukirudi, kwenye taa nyekundu,
Linnea aliomba kalamu.
Chini ya mstari wa mwisho unaotetemeka akaandika,
ulimi nje, herufi moja moja:
Leo. Maili 131,406.
Hakuna kilichoharibika.
Otto ametapika.