Daftari la Karakana, Ilemela

Ukurasa wa kwanza una doa la grisi
lenye umbo la kisiwa cha Ukerewe.
Chini yake, mwandiko wa Shigela:
"Leo tumefungua. Mafundi watatu,
spana kumi na moja. Ndege hakuna."

Miezi minne walitengeneza pampu za maji,
mashine ya kukoboa, baiskeli ya katekista,
na bango mlangoni likijigamba:
WAUNDAJI NA WATENGENEZAJI WA NDEGE.
Kirumba nzima ilicheka:
ndege gani, kunguru?

Kisha ikaja ya kwanza, ikikohoa juu ya mawe,
injini imekabwa koo na usubi wa ziwa.
Luhende, baba yangu, aliuzoa kwa kijiko cha chai,
akaupima kwenye mizani: robo kilo na ushee.
Ameandika. Kila kitu ameandika:
nani alilipa, nani aliapa atalipa,
nani alileta sangara wawili badala ya fedha.

Ukurasa wa arobaini: "Tunaunda yetu."
Mkia wa ajali ya Geita, magurudumu ya mnada,
bawa la kulia jipya kabisa,
ribiti elfu mbili mia sita na nne
alizozigonga Nyanzobe, akihesabu kwa Kisukuma,
Nyanzobe ambaye hakuwa bado mama yangu.

Iliruka mara moja.
Dakika kumi na tisa juu ya maji,
ikarudi, ikatua kama mtu anayeketi mkekani.
Mkaguzi kutoka Dar akaizunguka mara mbili,
akasema ni nzuri, ila haina karatasi.

Sijui kampuni hufa lini hasa.
Siku umeme unapokatwa?
Siku fundi wa mwisho anapotoka
na kikombe chake cha bati mfukoni?
Bawa lile liko Igombe, wanaanikia dagaa;
ribiti haijaachia hata moja.

Mstari wa mwisho si wa kuaga:
"Injini ya kushoto. Nati ya nne, bado robo mzunguko.
Kesho."
Baada ya hapo, karatasi tupu na mende mkavu.

Jana usiku ndege ya abiria ilipita chini, paa likatetema.
Mama akaacha kuchambua choroko,
akaisikiliza mpaka ikagusa ardhi.
"Nzima hiyo," akasema,
na kidole chake kikagonga ukingo wa sinia:
ibili, idatu, ine,
kikabaki hewani.