Pengo la Pointi

Umeuliza tena, Kibwana, simu ikikatikakatika,
kwa nini lile dude la Wataliani bado limekaa uani
na jamaa wa chuma chakavu hupita Makorora kila Alhamisi
na mizani yake ya ndoana.
Kilo mia na arobaini, umesema. Piga hesabu.

Nimepiga.

Nilianza na bushi ya kiki,
imeliwa upande mmoja kama kisigino cha kiatu chako.
Dukani Barabara ya Kumi na Mbili walinicheka:
spea za Mchina zipo, za Mhindi zipo,
hii yako kamuulize bibi yake aliyeizaa.
Nikaenda kwa Sechonge, nyuma ya reli,
kwenye mashine ya kukerezea inayokohoa ukiiwasha,
nikakereza shaba ya vali kuukuu
iliyotoka boila ya kiwanda cha katani.
Ya kwanza ililegea. Ya pili ilikwama.
Ya tatu niliisukuma kwa gumba,
ikatoa pumzi ndogo, fyuu,
nikajua.

Mkono wa klachi nimeumimina kwa sufuria ya mama,
ile iliyotoboka kitako. Usimwambie.
Mchanga nilichota Mto Zigi, nikauchekecha kwa chekeche la unga.
Kwenye kiungo pana kijishimo cha hewa;
kipo, sikukiziba.
Gasketi ya ubavuni ni boksi la viatu vyako vya harusi.

Lakini moto haukuja.
Nilipiga kiki mpaka paja likavimba,
mpaka watoto wa jirani wakaanza kunihesabia ukutani,
thelathini na moja, thelathini na mbili,
dada pumzika.

Usiku nikafungua daftari la baba,
lile lenye alama za vidole kuliko maneno.
Hakuandika milimita, unamjua.
Oili ya giaboksi: vikombe viwili vya kahawa, vya Ngamiani, si vya nyumbani.
Mnyororo: ulegee kama mkufu wa bibi harusi.
Pointi, pengo: kadi ya M.

Basi. Kadi ya M.
Nilidhani karata. Nilidhani mwezi Machi.
Kisha, chini ya spana, chini ya tupa iliyoota kutu,
ndani ya nailoni ya sukari,
kadi ya kliniki, Bombo. Jina: Mwanatumu.
Kona moja nyeusi tii, imelainika kama ulimi.

Miezi mitano, kilo nne na robo.
Nukta yangu iko chini, chini kabisa ya mstari,
na nesi ameandika kwa wino mwekundu: arudi wiki ijayo.
Wiki ijayo ipo. Na inayofuata ipo.
Nukta kwa nukta, masika nzima, hakuna iliyorukwa.
Wewe hukuwa umezaliwa. Mama alikuwa amelazwa, hilo tunalijua.
Sasa kutoka Muheza, barabara ile, matope yale,
nani alikuwa akinileta,
na kwa kitu gani?

Sikulia. Nilikuwa na tochi mdomoni.
Nikaichomeka ile kona kati ya pointi;
ikapita kwa kusuasua kidogo,
kama mgeni anayevua viatu mlangoni.
Nikakaza skrubu.

Kiki ya pili.

Moshi ulikuwa wa aibu, majirani wakaanua nguo.
Oili inavuja palepale ilipovuja siku zote.
Nilifika Mkwakwani ikazima,
nikaisukuma kurudi, watu wakinipa pole
kana kwamba nimefiwa.
Kesho nafungua kabureta.

Kwa hiyo huyo jamaa wa Alhamisi apite tu,
au asimame anywe maji, kuna jua.
Mizani yake niliikagua juzi, nikaishika mkononi.
Imechoka, Kibwana.
Haisomi chini ya kilo tano.