Makopo Kumi na Mawili

Nicasio aliyafunga kwa waya, makopo ya samaki:
sita kando ya uwanja wa mpira wa kikapu,
sita juu kule, chini ya mialoni,
ambako hata adhuhuri mtu huenda akipapasa.
Mkutano ulitaka kujua mti hunywa kiasi gani.
Maana Tranquilino alisimama, kofia kifuani,
akasema msitu ni mlevi,
humaliza mvua kabla haijafika mahindini.
Tuukate nusu, tunywe na sisi.

Mimi nilipewa rula na daftari.

Juni, milima ya Oaxaka.
Mvua ilianza kama mtu anayeomba radhi,
kisha ikasahau adabu.
Uwanjani, vidole viwili. Msituni, unyevu tu.
Nikatazama juu.
Kila jani lilishika tone lake
kama mtoto aliyekatazwa kumeza.
Ndevu za kuvumwani zilivimba,
na wale jamaa wa nanasi wakaao begani mwa matawi
walikuwa wamekinga vikombe,
chura mmoja ndani ya kimoja, anaoga.
Muda ukapita. Ndipo gome likatokwa jasho,
mfereji mwembamba, mweusi,
ukateremka shinani bila haraka
ukaingia ardhini bila hodi.

Hadi Oktoba:
palipoingia mia uwanjani, msituni sabini na nne.
Ishirini na sita hazikugusa chini,
zilirudi angani kutoka majanini, kama pumzi.
Tranquilino alicheka mpaka akakohoa.
"Mwizi kakamatwa na daftari!"

Sikujibu. Nilisahau tu kuyafungua makopo.

Februari, vumbi hadi kwenye kope.
Alfajiri ukungu ukapanda kutoka bondeni,
hauna tone, hauna sauti.
Uwanjani makopo makavu,
buibui keshajenga katika la tatu.
Nikapanda.
Chini ya mialoni nikasikia: ta.
Kimya.
Ta, ta.
Miti ilikuwa ikiuchana ukungu kwa majani,
ikiukamua, uzi kwa uzi,
na mvua haijanyesha tangu Novemba.

Nilishuka na kopo moja, mikono miwili,
nikijikwaa, nusu limwagikie sketi.
Nikaliweka mezani mbele ya Tranquilino.
Alilitazama. Akachovya kidole, akaonja.
"Lina ladha ya majani," alisema,
akalisogeza kwa jirani yake.